Bunduki Inayoona Mbali

Baba yangu alianza kupiga teke vigoda mwaka niliomaliza kidato cha nne. Labda alianza kabla ya hapo, mimi nikiwa bwenini, sijui. Nilirudi nyumbani na cheti kisichonipeleka popote, nikakuta miundi yake ina makovu mapya juu ya makovu ya zamani. Kigoda kimewekwa mahali pake pa siku zote, kando ya mlango wa nyumba kubwa, yeye anatoka, anakigonga, kisha anamgombeza aliyekiweka. Mama alikuwa ameanza kukiondoa kila alipomsikia akikohoa ndani. Hakuna aliyemwagiza. Alikiondoa tu, akarudi kwenye kazi yake.

Siku moja mke wa mdogo wangu alipiga magoti kando ya njia kumwamkia. Akasema, "Mwangaluka, bhabha," kwa sauti ya heshima, na baba akapita bila hata kugeuza shingo. Yule binti alikuwa na miezi miwili tu nyumbani kwetu. Alilia mpaka uso ukavimba, akiamini kwamba baba mkwe hamtaki. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilikiona kilichotokea. Baba hakumwona. Binti alikuwa upande wake wa kushoto, na upande huo kwa baba hapakuwa na kitu.

Mbele yake aliona, na hilo ndilo lililotuchanganya sote. Ukimwonyesha ng'ombe ng'ambo ya korongo, akamkazia macho, alikutajia rangi yake, mama yake na masika aliyozaliwa. Mtu kama huyo utamwitaje kipofu? Tukajiambia ni uzee, ni mawazo, ni jua kali. Watu wakitaka kutojua jambo hawakosi la kusema.

Kwetu ni upande wa Migato, ambako leo ni wilaya ya Itilima. Siku zile wilaya ilikuwa Bariadi na mkoa ulikuwa Shinyanga, na Lagangabilili, ambayo leo ina maofisi ya serikali, ilikuwa mnada, mashine ya kusaga na zahanati. Baba alilima pamba, lakini pamba ilikuwa kazi tu. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake. Nusu yao hawakuwa nyumbani. Aliwaweka kwa marafiki zake, wengine mbali huko Mwanhuzi, kama wafanyavyo wafugaji wa kwetu ili ugonjwa au wezi wasimalize zizi zima kwa mkupuo mmoja. Anayewekewa anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Karatasi hakuna. Mwenye mali anakwenda mara mbili kwa mwaka, anasimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wanapita mbele yake mmoja mmoja, naye anawatambua kwa macho. Imetosha.

Binti hamwambii baba yake kwamba mwili wake unaharibika. Maneno hayo hupita kwa shangazi. Shangazi yangu alikuwa mjane, dada yake baba wa tumbo moja, aliyeishi ng'ambo ya korongo, si mbali na kwetu, mwenye mdomo mkali ambao mtaa mzima uliuogopa, na mimi nilikuwa nautegemea mdomo huo. Nilimkuta anapepeta choroko. Nikamwambia baba haoni vizuri. Akaendelea kupepeta. Nikamwambia nilichosoma kwenye ukuta wa zahanati ya Lagangabilili, kwamba madaktari wa macho wanapatikana hospitali kubwa ya Mwanza, na kwamba macho yapo yanayokufa kabisa kwa sababu tu mtu amechelewa.

Alipomaliza ungo wake alisema, "Mwenye ng'ombe haambiwi haoni. Leo umesema wewe, kesho linasemwa kwenye pombe, kesho kutwa ndama wa Mwanhuzi wamebadilishwa wote, majike yamegeuka madume." Akaniagiza ninyamaze, yeye ataona la kufanya. Siku zikapita, wiki zikapita, sikusikia neno. Nikajua amelimeza. Nilimkasirikia, na hasira yangu si ya kuisha upesi.

Mwaka huohuo ndio wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kwetu. Tulikuwa tumezoea mnunuzi mmoja na kungoja kwingi. Sasa wakaja watu na mizani zao na malori yao, wakishindana, wakilipa palepale shambani. Ulikuwa wakati wa ruksa. Madukani Bariadi kulikuwa na vitu ambavyo nilipokuwa mdogo tulivisikia tu. Kila nyumba ilikuwa na wazo lake: mabati, baiskeli, redio ya kaseti, plau mpya. Baba akasema atanunua bunduki.

Mama alidhani anasema gobore, maana mafundi wa magobore walikuwepo na walijulikana. Baba akacheka. Gobore, alisema, ni bomba lenye hasira: linatoa moshi, linamziba masikio mwenye nalo, na mnyama anakwenda zake. Yeye alitaka bunduki ya kiwandani, ya komeo, inayopeleka risasi palepale ulipoilengesha, na juu yake iwe na kioo, yaani darubini. Ujanani alikuwa mgambo na alisifika kwa shabaha. Baadaye aliwahi kukutana na wawindaji waliopita na magari yao kwenda porini, mmoja akamruhusu aweke jicho kwenye kioo cha bunduki yake. Alitusimulia mara nyingi: swala alikuwa ng'ambo ya bonde, naye alimwona mpaka kope.

Na fisi walikuwepo. Sitaki mtu aseme baba alitunga fisi. Masika yale walikuwa wamekula ndama watatu, na mmoja walimvuta akiwa hai. Lakini mimi nilimtazama akizungumza juu ya kile kioo na nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba fisi ni nusu ya sababu.

Kibali cha silaha kilipita kwa kijiji, kata, wilaya na polisi. Fomu nilijaza mimi kwa sababu ya mwandiko wangu, tumekaa mimi na baba mezani. Palikuwa na mstari ulioulizia afya ya mwombaji, na baada yake macho. Nikamsomea. Akasema, "Andika." Hakusema niandike nini. Nikaandika "mazuri," nikageuza ukurasa.

Siku ya kwenda Mwanza alisema nitafuatana naye mimi, kwa kuwa vitabu vya bunduki ni vya Kiingereza. Mdogo wangu alinuna, akauliza tangu lini mambo ya silaha yakawa ya wanawake. Nami nilivimba kichwa, si kidogo. Tena nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeulizia gharama za kuonana na daktari, kulala Mwanza siku mbili tatu, na dawa. Bunduki ikinunuliwa kwa kiasi, kungebaki fedha ya kutosha. Nitamwambia tupite hospitali mara moja, mimi ninaumwa kichwa. Tukishafika nitajua la kusema. Mpango mzuri kabisa, na ulihitaji kitu kimoja tu: nifungue mdomo.

Mwenye duka la bunduki alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili cha taratibu ambacho kilitufanya sisi wa Bariadi tujisikie tunapiga kelele. Alituketisha, akatuagizia chai, akauliza kwanza habari za mvua na pamba. Kisha akauliza kiasi cha fedha tulichonacho. Baba akamwambia. Akatikisa kichwa bila dharau, akatandika blanketi juu ya meza na kulaza bunduki tatu.

Ya kwanza ilitoka Ulaya, mbao zake zimenakshiwa majani. Baba aliishika, akaipima mkononi, akairudisha kabla ya kutajiwa bei. Ya pili ilikuwa imetumika. Mwenye duka hakutuficha; alitoa komeo, akanipa nichungulie mtutu kuelekea mlangoni, nikaona ile mikunjo ya ndani, inayoizungusha risasi, imelika pembe. Akasema bunduki ile ni imara na itaua, ila haitaweka risasi mbili mahali pamoja tena. Ya tatu ilikuwa mpya, ya bei ya kati, kitako chake cha plastiki nyeusi. Baba aliitazama akasema inafanana na jagi.

"Kiwanda hiki kimebana fedha kwenye urembo, mzee, hakikubana kwenye mtutu," mwenye duka akasema. Akafungua boksi lake akatoa karatasi ya shabaha iliyopigwa kiwandani, yenye matundu matatu yaliyosogeleana hivi kwamba sarafu moja ingeyaziba yote. Baba aliishika karatasi ile muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye matundu.

Halafu darasa likaanza. Chagua kwanza risasi, ndipo uchague bunduki, mwenye duka alisema. Bunduki ya risasi adimu ni fimbo. Mtutu mwembamba unabebeka vizuri, mnene unalenga vizuri, na wewe fisi utamngoja zizini, hutamfukuza porini, kwa hiyo uzito usikutishe. Traiga, pale kidole kinapofyatulia, iwe laini lakini isiwe nyepesi kupita kiasi. Kitako kikae begani bila shingo kujinyoosha. Akamwekea baba bunduki begani, akaona kitako ni kifupi, akaongeza kipande cha mpira nyuma. Mimi nilisoma kitabu chake na kutafsiri, jicho likae umbali wa vidole vinne kutoka kwenye kioo, mtutu usafishwe namna gani, na baba akauliza maswali ya mtu anayejua kazi. Mwenye duka akaanza kunijibu mimi moja kwa moja. Saa ile tulikuwa na furaha, baba na mimi. Nalisema wazi kwa sababu mara nyingi nimejaribu kuikumbuka siku ile kama siku mbaya toka asubuhi, na haikuwa hivyo.

Ikabaki kioo. Viliwekwa viwili mezani. Kimoja cha bei nafuu, kingine bei yake ilikaribia ya bunduki yenyewe. Mwenye duka akasema ukweli tena: kwa fisi wa hatua mia, cha nafuu kinatosha, cha bei kubwa kinavuta mwanga zaidi alfajiri na jioni, lakini fedha ile afadhali tununue risasi za mazoezi. Baba akavichukua vyote, akaenda navyo mlangoni kuvijaribu. Njiani palikuwa na stuli. Ilikuwa pale tangu tulipoingia. Aliigonga kwa muundi, akapepesuka, mwenye duka akamdaka mkono na kumpa pole. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama blanketi.

Baba alisimama mlangoni na kuweka jicho kwenye kile cha nafuu, halafu kile cha bei kubwa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibao cha fundi cherehani. Akakisoma kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipofika mwisho akacheka peke yake. Akageuka kunitafuta. Ilibidi ageuze kichwa chote mpaka akanipata.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, "darubini ipi inaona mbali?"

Baba yangu hakuwa mtu wa kuuliza watoto. Alituamuru, alitufundisha, alitutania akiwa na furaha, lakini kuuliza, tena mtoto wa kike, tena mbele ya mtu mgeni, hapana. Nikisema cha nafuu, fedha ya hospitali ipo. Nilijua. Sitaki kujificha nyuma ya ujana wangu: nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua hesabu yote. Lakini nikisema cha nafuu itabidi baada ya hapo niseme fedha inayobaki ni ya nini, na uso wake ulikuwa bado na kile kicheko. Nikaweka mkono juu ya kioo cha bei kubwa, nikasema, "Hii, baba."

Akanitazama kidogo. Kisha akamwambia mwenye duka afunge.

Tulitoka pale na kibali, boksi refu na nauli. Hospitali inaonekana ukiwa mjini, iko juu mlimani na majengo yake ni makubwa. Tuliipita kando. Ndani ya basi baba alilala na boksi mapajani, mimi nikahesabu miti mpaka Lamadi.

Kule Bariadi, askari mmoja wa polisi alimpeleka baba kwenye shimo la changarawe akapige risasi tatu za kujaribu. Alirudi nyumbani na karatasi yenye matundu matatu karibukaribu, na plasta juu ya nyusi. Kioo kilimpiga bunduki iliporudi nyuma. Vile vidole vinne nilikuwa nimemsomea zaidi ya mara moja, lakini yeye alijisogeza mpaka karibu jicho liguse. Askari alimsifu mbele za watu, akasema mzee huyu ni hatari. Basi ile karatasi ikabandikwa ukutani sebuleni, na mtu yeyote aliyekuwa ameanza kusema juu ya macho ya baba akafunga mdomo.

Miezi ile ilikuwa mizuri, lazima niseme. Jioni alitoa komeo akaliweka mfukoni, bunduki isije ikafyatuka, akakaa juu ya jiwe nyuma ya zizi, akawatazama ng'ombe kwa kile kioo mmoja mmoja. Alikwenda Mwanhuzi na bunduki yake begani, akawakagua waliowekwa huko, hakuna aliyebadilishwa. Alirudi anaimba. Nilianza kujiambia kwamba labda nilichagua vizuri. Labda macho yake yalihitaji msaada tu, na msaada umepatikana. Shangazi peke yake hakuwahi kuja kuchungulia kile kioo, ingawa kijiji kizima kilipanga foleni.

Kisha ikaja ile alfajiri. Fisi walikuwa wamelia karibu, na kulipoanza kupambazuka baba alitoka na bunduki. Mama na mimi tulikuwa tumeamka, tunachochea moto. Tulisikia mlio mmoja tu. Tukamsikia akiita kwamba amempata, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

Tulikimbia mpaka kwenye mtelemko wa korongo. Katika nyasi alikuwa amelala jike letu jekundu, lile lililokuwa na mimba. Ng'ombe anayetaka kuzaa hujitenga, na yeye alikuwa amepenya boma usiku akaenda kuzalia mafichoni, na huenda fisi wale walikuwa wamefuata harufu hiyo hiyo. Alikuwa ameinama anamlamba mtoto wake. Baba aliona mgongo wa rangi ya udongo umeinama nyasini. Pembe hakuziona, na ndama aliyekuwa pembeni hakumwona. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya bega, palepale anapotaka mpigaji. Bunduki haikukosea hata kidogo.

Ndama alikuwa bado na ute. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaenda kwenye titi la mama yake. Baba alifika akitembea polepole, akisema, "Dume au jike?" Alikuwa anaulizia fisi. Baba alipiga magoti, akanyoosha mkono, akagusa pembe, na mkono ule ukabaki hapo juu ya pembe. Nilitamani dunia iishe kabla watu hawajafika.

Lakini watu wakafika. Mlio wa bunduki alfajiri ni habari, na ng'ombe aliyekufa ni nyama, kwa hiyo walikuja na visu na mabeseni. Wakamwona baba, wakamwona ng'ombe, wakaona tundu. Mmoja akafungua mdomo kuuliza. Mama akamwahi.

"Msiguse," akasema. "Ana kimeta. Nimemwona jana anatetemeka. Mzee ameona ampumzishe."

Alisema bila kupepesa macho, mama yangu ambaye kila Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani. Watu wakarudi nyuma hatua tatu, maana kimeta kinaua mtu na kila mmoja wetu alimjua aliyekufa kwa kula nyama yake. Uongo ule ukishatoka hauna nusu. Ng'ombe wa kimeta hachunwi, haliwi, hatolewi hata ngozi. Tulichimba siku nzima, mdogo wangu, mama na mimi, na baba akikaa juu ya udongo tuliotoa. Tukamzika jike zima, mnene, mzima wa afya, tukamwagia majivu. Majirani walitazama kwa mbali. Na yule ndama hatukuweza kumpeleka kwa ng'ombe mwingine mbele ya macho yao. Mama alimnywesha kwa chupa, siku ya tatu akafa, naye tukamzika.

Bwana mifugo alikuja kutoka Bariadi, kama alivyotakiwa. Alikuwa kijana mpole na alifanya kazi yake sawasawa. Hakufukua, aliuliza tu, na mama akajibu, na mimi nikajibu. Akachanja ng'ombe, akaandika karantini. Kwa miezi mingi ng'ombe wa kijiji chetu hawakukanyaga mnada wa Lagangabilili. Watu waliokuwa wamepanga kuuza dume kwa ajili ya ada au mahari walitupita njiani bila salamu. Sisi wenyewe hatukuweza kuuza hata beberu, na fedha za pamba zilikuwa zimeisha Mwanza. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo kitamuumbua. Sisi tuliyaficha maradhi ya mtu kwa kutunga maradhi ya ng'ombe, na tukaumbuka polepole.

Baba hakuigusa tena bunduki. Hakupanda tena kwenye jiwe. Katika miezi ile ya karantini ile sehemu ya mbele aliyokuwa akiona nayo ilipungua, ikapungua, kama tundu la mlango linalozibwa kwa udongo. Alianza kuuliza ni saa ngapi, jua likiwa utosini. Ilipofunguliwa minada tuliuza madume mawili kwa haraka, na safari hii mama ndiye aliyesema, mbele ya wote, kwamba baba anakwenda hospitali.

Daktari alimpima muda mrefu, kisha akanitoa nje. Akasema ni presha ya macho. Huanzia pembeni, haiumi, mwenyewe hajui, na inakula kuelekea katikati. Ikishakula hairudishi, ila ikiwahiwa dawa huisimamisha palepale ilipofika. Nikamwuliza ingewahiwa lini. Akaniuliza mara ya mwisho kumwona anasoma maandishi ya mbali ni lini. Nikamweleza juu ya kibao cha fundi cherehani.

"Wakati ule tungeyaokoa," akasema, na hakuwa na lawama sautini. Ningependa angekuwa nayo.

Bunduki baba aliirudisha polisi mwenyewe. Aliniambia niandike barua, na mahali pa sababu niliandika afya. Ng'ombe wa Mwanhuzi aliwagawa kwa wadogo zake kabla hawajaanza kubadilishwa. Alikaa mlangoni, juu ya kile kigoda, ambacho sasa mama alikiacha mahali pake.

Shangazi alifariki masika yaliyofuata, ghafla, kwa homa ya siku mbili. Siku ya kuanua tanga baba aliniambia nimrudishe nyumbani kwa miguu, hakutaka watu wengine. Nilimshika mkono tukaenda polepole. Watu walikuwa wamemsifu shangazi mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimechoka kusikia, kwa sababu ile hasira yangu ilikuwa bado ipo. Nikamwambia baba kwamba shangazi alikuwa mtu mwema, lakini mimi niliwahi kumpa neno la maana alifikishe, akalimeza.

Baba akasimama.

"Hakulimeza," akasema. "Aliniletea. Wiki ile ya kabla ya safari ya Mwanza. Alilia, na unajua yeye hakuwa mtu wa kulia."

Nilimwachia mkono, kisha nikaushika tena.

"Nikamwambia, mimi mbele za watu siwezi kusema sioni. Ila nitakwenda na huyo mtoto mwenyewe. Akifungua mdomo wake, nitamfuata mpaka huko hospitali. Ndiyo maana nilikuchukua wewe, si Kiingereza. Nikakuuliza. Ukasema, hii."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu ya pamba shambani, naye aligeuza uso kuufuata.

Nikamwambia niliogopa. Akasema hata yeye aliogopa. Kisha akauliza kama tumefika kwenye korongo, nikamwambia bado.